Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Maana yake ni nyepesi: kilichowekwa mbele ya watu kitatazamwa, wala hakuna awezaye kumshitaki mtu kwa sababu ametazama. Lakini msemo huu ulitungwa wakati macho yalikuwa macho tu. Aliyekutazama sokoni alirudi kwake na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikachakaa pamoja naye. Leo jicho lina simu mkononi. Kinachotazamwa huchukuliwa, hutumwa, hukatwa, huunganishwa na maneno ya mtu mwingine, kisha hurudi kikiwa na sura ambayo mwenyewe haitambui. Ndipo linapozuka swali ninalotaka tulipime, ndugu msomaji: picha iliyokwisha kuonyeshwa ulimwengu mzima ni ya nani?

Sisi wa Tunduma hatuna bahari. Tuna mpaka, tuna malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na tuna baridi ya Juni na Julai inayowafanya madereva wajifunike mablanketi ndani ya magari yao. Hata hivyo hatuko mbali na maji. Ipo mito miwili yenye jina moja la Songwe: mmoja humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na wa pili, unaotutenganisha na Malawi, huishia Ziwa Nyasa. Kipupwe kikiingia, fukwe za maziwa hayo hubadilika. Mvua zimekwisha, moshi wa kuchoma mapori bado haujatanda, na hewa ni safi kiasi kwamba jicho hufika mbali. Huko Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, upepo wa kusi huleta mawimbi yaliyosafiri katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Milima ya Livingstone huzuia jua la asubuhi, mwanga ukachelewa kuufikia mchanga, na watu wanaosubiri mitumbwi husimama wamejitanda khanga na vitenge mpaka kichwani. Mpiga picha yeyote mwenye moyo atatamani kuwa hapo.

Pwani ya bahari nako ni vivyo hivyo. Msimu wetu wa baridi ndio likizo ya kiangazi ya Wazungu, na huko Paje na Jambiani, maji yakipwa, wageni huwakuta wanawake wa Unguja wameinama katika mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kufanywa kibiashara mwaka 1989. Picha za wanawake hao zimekwenda mbali kuliko walikopata kwenda wao wenyewe.

Kijana mmoja niliyemfundisha katika chuo cha ualimu, ambaye sasa naye ni mwalimu, alikwenda Matema mwezi wa Julai akampiga picha bibi mmoja aliyesimama kando ya mtumbwi, upepo ukipeperusha kitenge chake. Ilikuwa picha nzuri kweli. Akaiweka mtandaoni, ikasifiwa. Baada ya miezi michache akaiona katika tangazo la kuomba michango, jina lake halipo, na chini yake yameandikwa maneno kuhusu wazee wenye njaa wanaosubiri msaada. Alikuja kwangu akiwa amewaka hasira. “Mwalimu,” akasema, “wameniibia.”

Hasira yake ilikuwa na haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za sanaa, picha zikiwamo, kwa sababu tu zimebuniwa. Mwenye kazi halazimiki kwanza kwenda kuisajili popote. Kuiweka kazi barazani si kuigawa. Mwenye duka hupanga vitambaa vyake nje ili vionekane, wala hakuna mwenye akili timamu atakayedai kuwa kwa kuvipanga hivyo amewaruhusu wapita njia wavichukue.

Tukazungumza juu ya kinga. Zipo kadhaa, na mtu asizidharau. Ya kwanza ni kutunza picha ya asili, ile iliyotoka katika kamera ikiwa kamili, maana ndani yake hufichwa tarehe na aina ya kamera, na pengine hata mahali ilipopigwa. Ukitokea ubishi, mwenye ile kubwa ana hoja kuliko mwenye kipande. Ya pili ni kuweka mtandaoni nakala ndogo, inayotosha kutazamwa katika simu lakini isiyofaa kuchapwa katika bango. Ya tatu ni kuandika jina juu ya picha kwa herufi hafifu, si pembeni ambako mkasi hufika kwa urahisi, bali pale ambapo kulifuta ni kuiharibu picha. Aidha, maelezo yale yaliyofichwa yanaweza kumdhuru mtu kwa kutaja nyumba yake ilipo, hivyo yafaa yaondolewe katika nakala inayotolewa hadharani.

Lakini kinga zote hizi ni uzio wa miti, si ukuta. Jina hufutika, na sasa akili mnemba hulifuta kwa muda mfupi bila kuacha kovu. Kinachoonekana kwenye kioo cha simu kinaweza kupigwa picha upya na simu nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo, mtu anayetaka kweli kuilinda picha yake hana budi kurudi nyuma, kabla ya mtandao, hadi kule ufukoni ilikozaliwa. Nikamwuliza yule kijana: “Na yule bibi, anajua?”

Hakuwa amelifikiria hilo. Wala si yeye wa kwanza, maana desturi hii ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, zilitengeneza postikadi zilizosafiri hadi Ulaya. Jina la studio tunalijua hadi leo. Wanawake waliokaa mbele ya kamera, wakiwa wamevaa mapambo yao, wengi wao hawana majina. Chini yao limeandikwa kabila au aina ya watu, kana kwamba ni ndege au miti. Na enzi za mkanda wa picha 36, tulipokwenda studio kupiga picha ya familia, tulipewa picha iliyokwisha kusafishwa lakini mara nyingi negativu ilibaki kwa mpiga picha. Aliyekuwa na negativu alikuwa na uwezo wa kukuzalisha upya pasipo wewe kujua. Kilichobadilika leo ni kwamba kila nakala imekuwa negativu.

Kijana alirudi Matema. Alimwonyesha bibi ile picha, kisha akamtafsiria maneno ya lile tangazo. Bibi hakukasirikia picha. Aliitazama kwa muda mrefu akaomba apewe ya karatasi. Kilichomchoma ni maneno. “Mwanangu,” akamwambia, “mtumbwi huu ni wangu. Vijana wanaovua ni mimi ninayewalipa. Nani amewaambia nina njaa?”

Hapo ndipo nilipoona kuwa katika jambo moja kulikuwa na vitu viwili vilivyoibwa, na kile kidogo ndicho kilichopigiwa kelele. Kijana alipotezewa jina na jasho lake. Bibi alipotezewa habari yake mwenyewe: mwajiri amegeuzwa ombaomba mbele ya watu asioweza kuwajibu.

Najua hoja za upande wa pili, nazo si za kipuuzi. Wapo watakaosema kuwa ufuko ni mahali pa wote, na aliyesimama hadharani amekubali kuonekana. Ni kweli, amekubali kuonekana na waliokuwapo, kwa muda ule aliokuwapo. Hajakubali kuwekwa mbele ya watu wote kwa miaka yote. Wapo watakaosema kuwa ukiomba ruhusa, picha hufa: mtu hujirekebisha, hukunja uso, upepo hutulia. Nalo ni kweli. Lakini ruhusa inaweza kuombwa baada ya kupiga na kabla ya kusambaza, na hizo ni saa mbili tofauti. Wengine watasema kuwa picha ya shida huleta msaada. Huenda, ila shida ikionyeshwa, iwe ile iliyopo, na mwenye nayo awe na neno la kusema. Kundi la watu lililo mbali, lisilo na sura ya mtu mmoja, halihitaji mpiga picha azunguke akiomba saini. Uso mmoja, hasa wa mtoto, wa mgonjwa au wa mtu aliye katika dhiki, ni jambo jingine.

Sheria nazo zimeanza kulifikia jambo hili. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majirani zetu wa Kenya walionyesha meno mwezi Septemba mwaka huohuo: ofisi yao ya ulinzi wa data iliipiga baa moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa. Aliye ufukweni saa 12 za asubuhi, kidole kikiwa tayari, hana hakimu isipokuwa dhamiri yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Picha ya mtu haina mwenyewe mmoja. Aliyeipiga anamiliki kazi yake, yaani jicho, subira na ustadi. Aliyepigwa anamiliki sura yake na maana ya maisha yake. Mmoja hawezi kuigawa haki ya mwenzake. Na kipimo cha ulinzi ni kimoja kwa wote wawili: unachodai kwa mgeni asiyekujua anapoichukua picha yako, ndicho ulichopaswa kumpa yule usiyemjua ulipoichukua sura yake. Anayetaka jina lake liandikwe juu ya picha, na aulize kwanza jina la aliyemo ndani yake. Naye akikubali litajwe, na yawe mawili.