Deni la Mwenyekiti

Wilayani Iramba, mkoani Singida, mkulima wa alizeti humpigia kura diwani wa kata yake. Mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani miongoni mwao. Je, deni la mwenyekiti ni kwa nani? Yasemwa ni kwa madiwani waliompa kura. Hoja hiyo ni nyepesi. Diwani wa kata hutoa kura aliyokabidhiwa (wa viti maalumu ni suala jingine), na atoaye amana ya mwenzake hastahili shukrani za mwenye mali. Nchini Kenya, tangu mwaka 2013, gavana wa kaunti huchaguliwa na wananchi wenyewe, na mdai wake hujulikana uso. Iramba deni ni lilelile, ila mdai amefichika. Naye hana pa kulidai isipokuwa kwa diwani wake, kila baada ya miaka mitano.