Kazi Baada ya Kuwekewa Kipandikizi cha Koklea

Kipandikizi cha koklea ni kifaa kinachowekwa kwa upasuaji katika sikio la ndani, ndani ya koklea iliyojikunja mfano wa ganda la konokono, ili kusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme pale ambapo seli zinazopokea sauti zimeharibika kiasi kwamba kuikuza sauti hakusaidii tena. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, na aliyepoteza usikivu ukubwani huhitaji miezi ya mazoezi kabla ubongo haujazoea sauti ambazo mwanzoni watu wengi huzifananisha na za roboti.

Kwa karani wa Endarasha mwenye kifaa hiki, kwenye nyanda za baridi za Kieni kati ya Mlima Kenya na Aberdare, mtihani wenyewe hauko katika chumba kitulivu cha daktari. Alfajiri, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mitungi ya alumini hugongana, pikipiki hunguruma, upepo huvuma kwenye maikrofoni ya sehemu ya nje ya kifaa, nyuma ya sikio, na mkulima hutaja kilo zake akiwa ameinamia mizani, midomo haionekani. Tena Kikuyu ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, na elektrodi kati ya 12 na 22 hivi, zinazofanya kazi ya maelfu ya seli, huipitisha tofauti hiyo kwa udhaifu. Huenda basi karani akaliona agizo la Kiswahili, kisichotegemea toni, jepesi kuliko la lugha aliyozaliwa nayo.

Ndipo ulipo uchovu wa kusikiliza, ambao mwajiri hauoni. Akiona kifaa kichwani hudhani tatizo limekwisha, naye mfanyakazi, kwa kuona haya kusema “rudia”, huitikia kwa kichwa na kufika nyumbani akiwa hoi kuliko enzi za ukimya. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na haki hiyo haiondolewi pamoja na nyuzi za kidonda.

Isitoshe, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, viziwi wengi wamekwisha kuzoea biashara ya ujumbe mfupi, malipo yakisomwa badala ya kusikika. Kumwondoa karani kwenye daftari na ujumbe, alivyoviweza vizuri, na kumkabidhi simu ya ofisi eti kwa kuwa sasa anasikia, ni kumvua ustadi wake.