"Frateri, Kwani Mliniuliza?"



Mpendwa kijana mwenzangu, leo sina fundisho refu. Nina ungamo.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa uchungaji, nilipewa kazi ya kusaidia kwaya ya vijana, na daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi. Sheria ilijulikana: ukikosa mazoezi bila taarifa, faini. Sasa, kijana mmoja wa sauti ya besi akakosa wiki tatu mfululizo. Nikaandika: hayupo, hayupo, hayupo. Kwenye grupu la WhatsApp nikatania kwamba faini yake inatosha kununulia kwaya nzima soda. Watu wakacheka.

Wiki ya nne nikakutana naye sokoni, amekonda. Kumbe mama yake alipata kiharusi, na nyumbani wako wawili tu. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza usiku. Simu alishaiuza apate hela ya dawa. Utani wangu hata hakuuona. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona hukutuambia?"

Akaniangalia, akasema taratibu: "Frateri, kwani mliniuliza?"

Jamani, nilikosa la kusema. Mwaka ule ule nilikuwa nimetoka kumaliza digrii ya falsafa. Nilishajibu swali la mtihani kuhusu Emmanuel Levinas, mwanafalsafa Myahudi aliyefundisha kwamba uso wa mtu mwingine unanidai wajibu hata kabla sijaamua kumsaidia. Alama nilipata nzuri tu. Lakini uso wa kijana huyu sikuuona. Niliona pengo kwenye mstari wa besi.

Soma Mwanzo sura ya 4. Mungu anamwuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, naye Kaini anajibu kana kwamba hayamhusu. Mara nyingi tunadhani swali lile ni la wauaji. Mimi sikumwua mtu, lakini swali lilinishinda vilevile. Nilijua kwamba ndugu yangu hayupo. Yuko wapi, sikujua.

Hata katika Luka 10, kuhani na Mlawi hawakumpiga yule msafiri. Walimwona, wakapita upande mwingine, basi. Msamaria alimsogelea, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Papa Fransisko aliutafakari mfano huu katika sura nzima ya pili ya waraka wake *Fratelli Tutti* wa mwaka 2020. Mimi kinachonigusa ni kwamba Msamaria hakubeba mzigo peke yake. Alitoa dinari mbili, akamwomba mwenye nyumba amtunze, akaahidi kurudi. Kumjali mwenzako si lazima uwe shujaa. Unaweza kuwashirikisha wengine, ila usisahau kurudi.

Nasi tukafanya hivyo. Tuliweka zamu: kila siku wawili wanakwenda kwa yule mama. Wengine walifua, wengine walipika uji, na Jumuiya Ndogo Ndogo ikachangia. Sanduku la faini tukalifungua, pesa yote ikaenda kwenye dawa. Sitakudanganya, mama hakupona kabisa. Lakini kijana yule alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Ndugu yangu, wewe unayesoma hapa, kuna mtu amepotea kwenye jumuiya yenu, kwaya yenu, darasa lenu. Jina lake unalijua. Usimtumie picha ya mikono iliyofumbatwa halafu ukaendelea na yako. Mpigie. Asipopatikana, nenda kwao. Na kama wewe ndiye uliyepotea, nisamehe kwa niaba yetu sote, halafu tafadhali mwambie mmoja wetu.

Tusali: Ee Bwana, utusamehe kwa kuhesabu watu bila kuwatafuta. Utupe miguu ya kwenda na masikio ya kusikiliza. Amina.