HAKI YA JIRANI KATIKA WAYA WA INTANETI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu limezuka swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza. Nalo ni hili: Mtu wa Matisi amevutiwa nyumbani kwake waya wa intaneti, ule uitwao faiba, naye hulipa kila mwezi. Jirani yake, ambaye wametengwa kwa ukuta mmoja tu, hana uwezo wa kulipa, na anao watoto wanaosoma. Jirani huyu amwomba mwenzake neno la siri, yaani paswadi ya waifai. Je, kumpa ni wajibu, kwa kuwa jirani ana haki. Au ni haramu, kwa kuwa mkataba ni wa nyumba moja? Na yule agawaye neno hilo kwa wapangaji wote wa ploti, kisha akawatoza pesa kila mwezi, je, chumo lake ni halali?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno, halistahili kuletwa mbele ya dini. Hao wamesahau kwamba imo katika Kurani sura nzima iliyopewa jina la vitu vidogo vya kuazimana, nayo ni Sura ya Al-Maun. Mwisho wake wanalaumiwa wale wanaowanyima wenzao vitu hivyo, na wafasiri wametaja mifano yake: chungu, ndoo na shoka. Na Sura ya Al-Maidah yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba yao. Basi swali letu limesimama hasa baina ya amri mbili hizi, na Mwislamu hana ruhusa ya kushika moja akaitupa ya pili.

Kwanza yapasa tukijue kitu chenyewe, maana hukumu ya jambo hufuata ujuzi wa jambo. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, nao hupitisha mwangaza. Hapa Kenya, mpaka mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ghali sana. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, itokayo Fujaira katika nchi za Ghuba, na SEACOM. Ya tatu, EASSy, ikafuata mwaka 2010. Kutoka pwani uzi umekwenda bara mpaka mijini kama Kitale, na makampuni yanaendelea kuusogeza vitongojini. Siku ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini huko kusini, na watu wa Kenya na Tanzania wakaona intaneti yao imezorota. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba waya ulio ukutani mwao ni ncha tu ya kazi kubwa ya watu wengi na mali nyingi.

Tena uzi huo haumfikii kila mtu peke yake. Katika mtambo uliotumika sana, uitwao GPON, uzi mmoja hutoka kituoni, kisha hugawanywa njiani ukahudumia nyumba 32, au hata 64, na nyumba zote hizo hushirikiana kiasi cha gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kampuni humwekea kila mteja kikomo cha kasi, kwa hesabu kwamba nyumba hazitumii zote kwa nguvu moja saa zote. Jambo hili tulitie akilini, kwani tutalihitaji.

Sasa tuwasikilize watu, nao wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza lasema: Mpe jirani, wala usiulize. Hoja zao ni tatu. Ya kwanza, haki ya jirani katika Uislamu ni kubwa, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba apikaye mchuzi azidishe maji ili ampelekee jirani, na kwamba mtu asimzuie jirani yake kuchomeka ubao ukutani mwake. Ya pili, intaneti leo ni njia ya elimu, na elimu ni kama maji. Na imepokewa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Ya tatu, kampuni ni tajiri, haitapungukiwa na kitu kwa mtoto mmoja wa Matisi kusoma.

Kundi la pili lasema: Mkataba ni mkataba. Mimi nimelipa, yeye hakulipa. Akitaka, naye alipe. Na baadhi yao hulisema neno hili kwa furaha, kama mtu aliyepata sababu nzuri ya kufunga mlango.

Twaona kwamba kila kundi lina sehemu ya haki na sehemu ya kosa, nasi tutayapambanua.

Hoja ya utajiri wa kampuni ndiyo dhaifu kuliko zote. Mali ya tajiri ni haramu kuchukuliwa bila ridhaa yake kama ilivyo mali ya maskini. Lau wingi wa mali ya mtu ungeihalalisha, basi mwizi angekuwa na kazi moja tu, nayo ni kumkagua mwenye mali kama amefikia kiwango! Tena si kweli kwamba hapana anayepungukiwa. Nyumba kumi zikijificha nyuma ya jina la mteja mmoja, hesabu ile ya mgawanyo huharibika, na wanaopungukiwa kasi wakati wa jioni ni majirani wengine wa uzi ule ule waliolipa kwa haki. Na kuna dhara nyingine isiyoonekana upesi: mtaa ambao nyumba ishirini zatumia waya wa mtu mmoja, machoni pa kampuni ni mtaa wenye mteja mmoja, na hapana atakayepeleka nguzo na nyaya mahali penye mteja mmoja. Hivyo ujanja wa leo wawazuilia watu faida ya kesho.

Ama hoja ya maji, ni nzuri, lakini wenyewe hawakuifikisha mwisho. Wanavyuoni wamepambanua baina ya maji yaliyo mtoni na maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni. Ya mtoni ni ya wote. Yaliyotekwa ni ya aliyeyateka, naye ana haki ya kuyauza. Kijana anayesukuma mkokoteni wa madumu ya maji hapana amwambiaye kwamba anadhulumu kwa kuuza; jasho lake ndilo alipwalo. Elimu yenyewe ni kama mto. Lakini uzi uliolazwa baharini na kuvutwa nguzoni ni kama dumu lililokwisha kujazwa na kusukumwa.

Hapa yafaa tukikumbuke kisa cha kisima cha Ruma. Waislamu walipohamia Madina walipata taabu ya maji matamu, na kisima hicho kilikuwa na mwenyewe, naye akiuza maji yake. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia masahaba wakivamie, ijapokuwa kiu ilikuwapo na haja ilikuwa ya kweli. Wala hakuwaambia maskini wavumilie kiu kwa kuwa mali ni ya mwenyewe. Alihimiza kinunuliwe, akabashiria malipo ya Peponi; na Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu wa Waislamu wote. Tazama jinsi haki mbili zilivyotimizwa pamoja: mwenye mali hakudhulumiwa, na mwenye kiu hakuachwa. Hiyo ndiyo njia yetu katika swali hili.

Basi jawabu yetu ni hii.

Kwanza, anayegawa neno la siri kwa ploti nzima na kutoza pesa, huku mkataba wake umekataza kuuza tena, amekula chumo lisilo halali. Amepangishwa manfaa ya nyumba yake, naye akayapangisha kwa wengine kinyume cha sharti alilolikubali; na Waislamu hufungwa na masharti yao, madamu masharti hayo hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Tena Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 yataka leseni kwa mwenye kutoa huduma za namna hii kwa watu. Asijidanganye kwamba anawasaidia maskini; msaada wenye risiti ya siri ni biashara.

Pili, kumpa jirani neno la siri bila malipo, likawa lake usiku na mchana, hukumu yake hufuata mkataba. Yapasa mtu ausome, au asomewe na mtoto wake. Ukiwa umefungwa kwa nyumba moja, asilitoe. Na tukimwambia alitoe kwa jina la dini, tutakuwa tunaifundisha jamii kwamba ahadi ya Mwislamu huisha mlangoni pa kampuni. Ukiwa haukukataza, basi atoe, na afahamu kwamba ayatendayo mwingine katika waya huo huonekana yametoka nyumbani kwake. Amuusie jirani kwa upole, kama umwaziminaye mtu panga lako.

Tatu, na hili ndilo ambalo kundi la pili hawapendi kulisikia: mkataba umekufunga mkono mmoja, haukukufunga wote miwili. Umekataza waya wako usihudumie nyumba nyingine. Haukukataza nyumba yako isipokee mgeni. Mtoto wa jirani akija sebuleni mwako saa moja jioni na daftari lake, akasoma pamoja na wanao, huyo ni mgeni wako, na mgeni hanywi maji kwa leseni. Mama wa jirani mwenye kutaka kutazama matokeo ya mtihani wa mwanawe, au kumwombea mkopo wa masomo ya chuo, au kutafuta cheti cha kuzaliwa katika mitambo ya Serikali, kwa nini umwache aende saiba mjini akalipe nauli na ada, nawe unaye kijana awezaye kumfanyia kwa dakika kumi? Mtu huyu aliye na waya na akajifungia nao, akitoa mkataba kama ngao, hatumwambii kwamba amevunja mkataba. Twamwambia kwamba Sura ya Al-Maun yamsoma yeye.

Huenda akasema: Nikifungua mlango watajaa. Hiyo ni kweli, na hapana aliyeamrishwa kubeba zaidi ya uwezo wake. Weka siku, weka saa, na useme wazi. Ugumu wa kugawa kwa kiasi si ruhusa ya kunyima kabisa.

Nne, twarudi kwenye kisima cha Ruma. Haja ya wengi haitimizwi na sebule ya mtu mmoja. Kwa nini kila msikiti wenye madrasa usivute waya wake, kwa mkataba ulioandikwa kwa jina la madrasa na kwa matumizi ya watu wengi, ukawa sadaka yenye kuendelea? Tuseme malipo ni shilingi 3,000 kwa mwezi: watu 30 wakitoa shilingi 100 kila mmoja, kazi imekwisha. Watoto wasome hapo baada ya alasiri chini ya macho ya mwalimu, badala ya kuinamia simu gizani, kila mmoja peke yake na bando lake la shilingi kumi. Twajua wako watakaonung'unika kwamba intaneti haina mahali msikitini. Tutawauliza: Yale mnayoyaogopa hayamo tayari mifukoni mwa watoto wenu, bila mwalimu? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa gazeti lake la Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, alikitumia chombo cha zama zake kuwaamsha watu wake. Hakungoja kwanza chombo kiwe kitakatifu.

Ndugu Waislamu, uchumi wa leo wataka kutufundisha kwamba baina ya mtu na jirani yake pana ukuta na bili tu. Wengine, kwa kuuchukia ukuta huo, huuruka usiku. Dini yetu haikutufundisha kujifungia nyuma yake wala kuuruka. Imetufundisha kupiga hodi, na mwenye nyumba kuitikia karibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watimizao ahadi na wachungao haki za majirani. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.