Ulikuwa Wapi Jana?

Kila msimu wa baridi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Durham, Marekani, hulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa wakingoja mechi moja ya mpira wa vikapu dhidi ya North Carolina. Kwao kuingia ni bure. Mechi yenyewe iko kwenye runinga. Sasa mbona ulale nje kwa hiyo baridi, bana?

Wengi watakwambia ni ushindi, ama mastaa. Mimi sikubali. Hema moja huwa na watu hadi 12 wanaopokezana zamu. Wakaguzi huja ghafla, hata usiku, na wasipopata idadi inayotakiwa, hema zima laweza kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Yule wa zamu ya saa tisa usiku hafikirii vikapu. Anawafikiria wenzake 11.

Je, hayo ni mapenzi ama ni kuogopa aibu tu? Kwangu tofauti si kubwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na ninachokosa si mihadhara. Ni kuulizwa, "Ulikuwa wapi jana?" na mtu ambaye ana haki ya kuniuliza.

Ila kuna kitu hunikera. Ukumbi wa Cameron hubeba watu 9,314 pekee, na foleni ya mahema ni ya wanafunzi. Utaambiwa iko sawa kwa sababu unalipa kwa muda, si kwa pesa. Poa. Lakini kijana wa Durham aliyeshindwa na karo, hata akiwa na muda wote duniani, atamlipa nani?