Kamera Haipigi Hodi

Je, mtu anayelinda nyumba yake ana haki ya kuona kila kitu ambacho kamera yake inaweza kuona? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata juu ya ngazi, drili mkononi na waya begani, nyumbani kwetu pembeni mwa Kampala.

Wezi walikuwa wameingia uani mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza walichukua betri ya gari, mara ya pili nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Fundi tuliyemwita alitaja malipo yaliyokaribia bei ya kamera zenyewe, nikamwambia baba kwamba nitazifunga mwenyewe. Kazi haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Kamera zilikuwa nne, kila moja na waya wake unaokwenda hadi kwenye kisanduku cha kurekodia. Nilijifunza kutoupitisha waya wa picha sambamba na waya wa umeme wa nyumba, kwa sababu umeme huchafua picha. Nilijifunza pia kuuacha waya ulegee kidogo chini ya tundu la ukutani, ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kuufuata hadi ndani. Kwa siku mbili nzima nilifikiria waya tu.

Kamera ya nne niliifunga kwenye pembe ya nyuma, chini ya paa. Lenzi yake ni ya milimita 2.8, nayo huona upana wa takriban nyuzi 100. Ukuta wetu hauzidi kimo cha mtu. Picha ilipotokea, nusu yake ilikuwa ua wetu na nusu ilikuwa ua wa jirani yetu. Jirani huyo tunamwita Nnalongo, kwa kuwa ni mama wa mapacha, na hivyo ndivyo mama wa mapacha anavyoitwa kwa Kiganda. Nililiona beseni analowaogeshea watoto. Niliuona mlango wa choo chake. Nikajiambia kwamba kuona zaidi ni kuwa salama zaidi, nikakaza skrubu.

Wiki moja baadaye aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mwanangu, hilo jicho lako hulala saa ngapi?" Hakungoja jibu. Ndipo nilipogundua kwamba beseni lilikuwa limehamishiwa ndani, na shuka kuukuu lilikuwa limetundikwa kwenye kamba kuelekea kwetu.

Wapo watakaosema kwamba sikufanya kosa, kwani hata mtu akisimama ghorofani huuona ua wa jirani. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau tofauti moja. Jicho la mtu huonekana linapotazama, huchoka, na husahau. Mtu akikuchungulia unaweza kumuuliza anatafuta nini. Kisanduku chetu huhifadhi picha kwa wiki mbili, nami niliweza kuzifungua kwenye simu nikiwa bwenini, mbele ya wenzangu, bila Nnalongo kujua.

Wengine watauliza: kama hana la kuficha, anaogopa nini? Kuogesha watoto si uhalifu, wala kwenda chooni. Hata hivyo, kila mmoja wetu hufunga mlango. Kutotaka kuonwa si ushahidi wa hatia.

Swali kama hili liliwahi kufika mahakamani. František Ryneš, wa Jamhuri ya Cheki, alifunga kamera baada ya madirisha ya nyumba yake kuvunjwa. Kamera hiyo ilirekodi pia njia ya umma na mlango wa nyumba iliyokuwa mkabala. Madirisha yalivunjwa tena, na picha zikasaidia kuwatambua watuhumiwa wawili. Hata hivyo, Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kurekodi njia ya umma si shughuli ya nyumbani tu, hivyo sheria ya ulinzi wa data ilimhusu. Mahakama ilikubali kwamba kulinda mali na familia ni sababu halali. Ninachojifunza hapa ni kwamba kamera inaweza kufaulu kazi yake na bado mwenye kamera akadaiwa maelezo. Kwetu Uganda, Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda faragha ya nyumba ya mtu. Lakini hata bila sheria, lile shuka lilikuwa limeshanihukumu.

Nilipoanza kujifunza Kiswahili, neno hodi lilinipendeza mapema. Anayebisha hukiri kwamba ndani si kwake, na mwenye nyumba hubaki na uhuru wa kumkaribisha au kunyamaza. Kamera haipigi hodi. Kwa hiyo anayeifunga ndiye anayepaswa kuipigia. Kama fundi angeifunga, ningesema yeye ndiye aliyeielekeza kule. Mimi sikuwa na wa kumsingizia.

Tena, tulikuwa tunajilinda dhidi ya nani? Usiku wa wizi wa pili, aliyepiga yowe hadi wezi wakaruka ukuta na kuliacha jenereta letu alikuwa Nnalongo. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu yangu bwenini ndiyo fimbo ya mbali. Fimbo ya karibu nilikuwa nimeigeuza kuwa kitu cha kupelelezwa.

Nilipanda ngazi tena, nikaiinamisha kamera. Sehemu ya ua wake iliyobaki kwenye picha niliifunika kwa kivuli cheusi kupitia kisanduku. Kisha nikaenda kubisha hodi, nikamwomba aje aone skrini. Alionyesha pembe moja kwa kidole, nikaifunika nayo. Baba hakufurahi, kwa sababu sasa kuna kipande cha juu ya ukuta ambacho kamera haikioni, na mwizi anaweza kupita hapo. Ni kweli. Naamini hiyo ni gharama halali: usalama wangu hauwezi kulipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Shuka lake bado liko kwenye kamba. Sijamwambia aliondoe, na sidhani kwamba nina haki hiyo.