Dumu ni la Nani?

Hapa Nyarugusu, mama akishapita miaka 50 wanamnyang'anya dumu la maji mkononi. "Kaa, bibi, pumzika." Ni heshima. Mimi ambaye hedhi ilikoma miaka 6 iliyopita naipokea kila asubuhi. (Dumu lenyewe linahamia kichwani kwa mjukuu wa kike, siyo kwa kaka yake, lakini hayo tutayaongea siku nyingine.) Najiuliza tu: heshima inayomwondolea mtu nguvu zake, bado ni heshima?

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka. Mifupa inakuwa myepesi, misuli inapungua, mafuta yanajaa tumboni. Na misuli siyo ya kubebea tu. Ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari kwenye damu baada ya kula. Ikipungua, kisukari kinapata njia, hasa kwetu tunaokula ugali leo, ugali kesho. Kwa hiyo yule bibi aliyekalishwa kwenye kiti anadhoofika, tena kwa mapenzi ya wajukuu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Ukiyasema hayo mbele ya akina mama, wanacheka. "Sisi? Tumebeba kuni toka Fizi!" Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Dumu la lita 20 ni kilo 20, uwe mzima au una homa, halikuulizi. Mazoezi yanakuuliza. Unaanza na chupa ya lita moja, unainua mara chache, kesho unapumzika, baada ya wiki unaongeza kidogo. Hata kusimama na kuketi kwenye kiti mara 10 bila kujishika ni mazoezi. Mwenye presha au mgongo mbovu aonane na muuguzi kwanza. Misuli inahitaji mapumziko ili ijengeke, na mwanamke aliyebeba miaka 40 bila siku yake ya kupumzika, huyo ametumikishwa.

Basi wajukuu, kabla ya kuninyang'anya, niulizeni: bibi, leo unataka kubeba kiasi gani? Siku nyingine nitasema lita 5. Siku nyingine nitasema hapana.

Na nyie wa mashirika: misuli inajengwa na protini, na protini yetu hapa ni maharage. Mkija na ratiba ya mazoezi wakati mgao umepunguzwa, tutawauliza maharage yako wapi.